KUPOOZA NA KUKAKAMAA: Historia ya Maneno na Vipimo vya Mkazo wa Misuli baada ya Kiharusi, pamoja na Mifano ya Mbeya na Iringa

I. MADHUMUNI

Nia ya makala hii ni kueleza historia ya mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali. La kwanza ni maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia kwa mwili uliopatwa na kiharusi. La pili ni vipimo ambavyo waganga wamevibuni ili kukadiria hali ya misuli ya mwili huo. Maneno ni ya kwetu. Vipimo vimetoka Ulaya na Marekani. Vyote viwili hukutana kando ya kitanda cha mgonjwa, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au katika hospitali za misheni kama Tosamaganga na Ilula. Na huko kitandani ndiko twaweza kuona kwamba havilingani.

Hoja yetu ni fupi. Neno letu kubwa la ugonjwa huu, yaani kupooza, lauona ulegevu wala haliuoni ukakamavu. Kipimo kilichoenea zaidi duniani chauona ukakamavu wala hakiuoni ulegevu. Basi mgonjwa ambaye hali yake yapimwa kwa kipimo hicho na kuelezwa kwa neno hilo hupata hasara mara mbili. Mwandishi si mganga, wala hadai kuwafundisha waganga kazi yao. Lakini kipimo hiki hakina chombo. Hakuna saa wala mizani ndani yake. Kina mikono ya mpimaji na maneno, na penye maneno mwanafunzi wa lugha hana budi kusogea karibu.

II. PIGO, NUSU NA KUPOOZA

Tuanze na majina. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu apopleksia, neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kupiga. Mwili uliodhurika upande mmoja waliuita kwa jina lenye maana ya pigo la nusu. Waingereza nao walifuata njia hiyo hiyo, kwani neno lao la siku hizi ni pigo tu. Waarabu walipambanua zaidi. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, katika kitabu chake cha Qanun alitenga sakta, ambayo ni kunyamaza kwa ghafla kwa hisi na mwendo, na falij, ambayo ni kupotea kwa nguvu za upande mmoja. Asili ya neno hili la pili ni kitenzi chenye maana ya kupasua au kugawa sehemu mbili.

Katika Kiswahili tuna maneno mawili makubwa, kiharusi na kupooza. Kiharusi ni jina la tukio. Limekaa katika ngeli ya ki-vi, ambamo maradhi mengi yamekusanyika: kifafa, kichaa, kichocho, kisonono, kichomi, kipindupindu, kisukari, kifua kikuu. Jina la namna hii hulifanya gonjwa kuwa kitu chenye nafsi, kinachokuja, kinachomshika mtu na kumwachia au kutomwachia. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu huulizana ni nani aliyekituma. Gerry Mshana na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walieleza kwamba katika Dar es Salaam watu wengi walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi, hali huko Hai, mkoani Kilimanjaro, wengi walikitafutia sababu za kawaida za mwili.

Kupooza ni neno la namna nyingine. Hilo si jina la tukio, bali ni la hali inayobaki. Na maana yake haikuanzia hospitalini. Tunda hupooza lisipofikia kuiva. Chakula kikikosa chumvi na viungo husemwa kimepooza. Mchezo usio na msisimko umepooza, na soko lisilo na wanunuzi limepooza. Katika matumizi hayo yote mna wazo moja, yaani upungufu: nguvu iliyotazamiwa haipo. Mtu anaposema kwamba mzee fulani amepooza upande wa kulia, msikilizaji huona mkono unaoning'inia, mguu unaoburuzwa, na shavu lililoshuka. Wengine husema upande umekufa. Hata ganzi, ambayo ni kukosa hisi, huchanganywa na hali hii, ingawa mtu aweza kukosa nguvu akawa na hisi kamili.

Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa muda. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au unapopasuka, na aghalabu huko nyuma mgonjwa amekuwa na shinikizo la damu ambalo halikutibiwa. Katika siku za kwanza misuli ya upande uliodhurika mara nyingi huwa milegevu kabisa. Kisha, kwa wagonjwa wengi ingawa si wote, hali hubadilika baada ya siku, majuma au miezi. Kiwiko huanza kujikunja chenyewe, kiganja hufumba, goti hunyooka likakataa kukunjika, kisigino huinuka. Mwili uliopooza umekakamaa. Neno, hata hivyo, halikubadilika; bado twasema amepooza.

III. KISWAHILI CHA TIBA NA NYANDA ZA JUU

Tukitaka kujua kwa nini neno moja liliachiwa mzigo mkubwa namna hii, yafaa tutazame jinsi Kiswahili cha tiba kilivyofika Mbeya na Iringa. Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919. Tiba yao ya awali ilifanyika mahali ambapo watu walisema Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kibena na Kihehe. Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali, ya barabara na ya shule, nacho kikawa taratibu lugha ya wodi, kwa sababu ndiyo lugha ambayo muuguzi kutoka Njombe na mgonjwa kutoka Tukuyu wangeweza kukutana ndani yake. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikisanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Maneno kiharusi na kupooza yalipanda nyanda za juu pamoja na usanifu huo, na wazee wengi waliyapokea kama maneno ya lugha ya pili.

Baada ya uhuru lililokuwa Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini liligawanyika kuwa mikoa, na siku za karibuni ikazaliwa mikoa ya Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Mwaka 1964 Kamati ya Lugha iligeuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Istilahi zikaanza kutungwa kwa mpango. Lakini istilahi hufuata haja inayoonekana. Kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyosomwa vijijini kwa vikundi na kusikilizwa redioni, ilieneza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Ilikuwa kazi njema, nayo ilimfundisha mkulima wa Ismani na wa Kyela kusema habari za vijidudu, mbu na minyoo kwa Kiswahili fasaha. Maradhi ya uzeeni, yanayokaa na mtu miaka na miaka bila mdudu wa kuonyeshwa kwa kidole, hayakupata kampeni ya namna hiyo.

Wala ugonjwa wenyewe si mdogo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 Richard Walker na wenzake waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika Hai na Dar es Salaam. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba kwa mwaka walipatikana wagonjwa wapya 94.5 katika kila watu 100,000 huko Hai, na 107.9 Dar es Salaam. Hesabu zilipolinganishwa kwa umri wa watu wa dunia, ile ya Dar es Salaam ilipanda hadi 315.9. Hesabu hizo hazikuchukuliwa Mbeya wala Iringa, lakini zatosha kutuonyesha kwamba kiharusi si jambo la nadra katika nchi yetu, wala si ugonjwa wa nchi tajiri peke yake.

IV. HISTORIA YA KIPIMO

Sasa tutazame upande wa pili. Tangu zamani waganga walijua kwamba msuli uliotulia si mlegevu kama kitambaa. Una kiasi cha mvutano kinachouweka tayari kwa kazi. Galen, katika karne ya pili, aliandika juu ya msuli unaofanya kazi bila kusogeza kiungo, na neno alilolitumia lilitokana na tonos. Kwa Wayunani neno hilo lilikuwa na maana ya kuvutwa au kukazwa, kama kamba na kama uzi wa kinanda. Kutoka uzi huo yalizaliwa matawi mawili: toni ya sauti, ambayo sisi wanaisimu twaijua, na toni ya msuli, ambayo ni ya waganga.

Kwa muda mrefu hali hiyo ilijulikana bila kuelezeka. Mwaka 1898 Charles Sherrington, Mwingereza, alionyesha kwamba mnyama aliyekatwa sehemu za juu za ubongo hukakamaa miguu. Na mwaka 1924 yeye na Liddell walieleza jinsi msuli unapovutwa unavyojibu kwa kujikaza wenyewe. Maana yake ni kwamba ukakamavu si nguvu iliyoongezwa. Ni jibu la uti wa mgongo ambalo ubongo umeacha kulizuia. Mwaka 1951 Twitchell alifuatana na wagonjwa wa kiharusi tangu siku za mwanzo, akaandika mfuatano wa kupona kwao: kwanza ulegevu, kisha kurejea kwa mijibu ya misuli, kisha ukakamavu, kisha mwendo wa kiungo kizima kwa pamoja, na mwisho, kwa waliobahatika, mwendo wa hiari wa kiungo kimoja kimoja. Signe Brunnström, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, aliupanga mfuatano wa namna hiyo katika hatua sita katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwaka huo huo Berta Bobath, aliyekimbia Ujerumani akafanya kazi London, alichapisha kitabu chake juu ya watu wazima waliopooza upande mmoja, akaweka upimaji wa hali ya misuli kuwa msingi wa tiba nzima.

Kipimo chenyewe kilizaliwa mwaka 1964, na hakikuzaliwa kwa ajili ya kiharusi. Bryan Ashworth alikuwa akijaribu dawa ya karisoprodoli kwa wagonjwa wa ugonjwa mwingine wa neva, akahitaji njia nyepesi ya kusema kama dawa imepunguza ukakamavu. Akaweka daraja tano, kuanzia 0 hadi 4. Daraja 0 ni pale ambapo mkazo haukuzidi. 1 ni pale ambapo umezidi kidogo, kiungo kikisogezwa hukwama kidogo. 2 umezidi zaidi, lakini kiungo chakunjika kwa wepesi. 3 umezidi sana, kukisogeza ni kazi. Na 4 kiungo kimekauka mahali kilipo. Mwaka 1987 Bohannon na Smith, wa Marekani, waliongeza daraja moja katikati, 1+, kwa kuwa waliona kwamba nafasi kati ya 1 na 2 ni pana mno. Waliwapima wagonjwa 30 kwenye kiwiko, wapimaji wawili mbalimbali, na walikubaliana kwa asilimia 86.7. Tangu hapo kipimo kikaenea duniani kote, hata katika vyuo vyetu.

Msomaji atazame tena daraja 0. Lasema kwamba mkazo haukuzidi, basi. Msuli mzima wa mtu mwenye afya hupata 0. Msuli wa mgonjwa wa jana, ulioning'inia bila mvuto wowote, nao hupata 0. Kipimo hiki hakina namba iliyo chini ya kawaida, kwa sababu mtungaji wake hakuihitaji. Alikuwa akitafuta kupungua kwa ukakamavu tu. Hapa ndipo twaona jinsi neno na kipimo vilivyopeana mgongo. Neno kupooza lilitungwa na watu walioona mkono ulioanguka. Kipimo kilitungwa na mtu aliyeona kiungo kilichokaza.

Upungufu wa pili wa kipimo ulionekana mapema. Mpimaji akihisi kizuizi, kizuizi hicho chaweza kuwa cha neva, yaani msuli unaojikaza kwa sababu umevutwa. Au chaweza kuwa cha nyama yenyewe, yaani msuli na kano zilizofupika kwa kukaa zimekunjwa muda mrefu. James Lance, wa Australia, mwaka 1980 alieleza kwamba alama ya ukakamavu wa neva ni kuongezeka kadiri ya wepesi wa kuvuta. Na kabla yake, mwaka 1954, Guy Tardieu wa Ufaransa alikwisha kutumia jambo hilo: kiungo kisogezwe kwanza polepole kabisa, kisha kwa haraka, na pembe ambapo kinakwama ipimwe kila mara. Kama polepole chaenda mbali na haraka chakwama karibu, kosa ni la neva. Kama chakwama mahali pale pale kwa mwendo wowote, msuli umekwisha kufupika. Tofauti hii ni kubwa kwa mgonjwa, maana dawa ya kutuliza neva haiwezi kurefusha kano.

V. KANDO YA KITANDA

Tuje sasa kwenye chumba cha kupimia, mahali ambapo historia hizi mbili hukutana. Mpimaji humlaza mgonjwa chali, kichwa kikiwa kimenyooka, humfunua mkono, hushika juu ya kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine, kisha huunyosha mkono uliokunjwa kwa muda wa sekunde moja. Hulinganisha na upande mzima. Hurudia mara chache tu, kwa kuwa kila kurudia hubadilisha hali yenyewe. Maumivu, hofu, kibofu kilichojaa na baridi vyote huongeza ukakamavu. Na mtu aliyelala Mbeya au Mafinga mwezi wa Juni anajua kwamba baridi si jambo dogo. Mgonjwa aliyepimwa alfajiri bila blanketi na kupimwa tena saa nane mchana aweza kuonekana amepata nafuu, kumbe jua ndilo lililotoka. Kwa hiyo saa, mkao na hali ya chumba yapasa viandikwe pamoja na namba.

Lakini kabla ya mkono kushikwa, neno hutangulia. Mpimaji huamkia, Kamwene akiwa Iringa, Mugonile akiwa Rungwe, kisha huingia katika Kiswahili na kusema: Legeza mkono, mzee. Sentensi hii yaonekana rahisi. Tuichambue.

Katika Kiswahili familia ya neno legea ina aibu ndani yake. Mlegevu ni mvivu. Kazi iliyolegea ni kazi mbovu. Kiongozi aliyelegea hafai. Kinyume chake, kaza ni neno la sifa na la kutia moyo: kaza mwendo, kaza moyo, kaza uzi. Ukakamavu ndio kabisa. Kijana katika gwaride la Jeshi la Kujenga Taifa pale Mafinga husifiwa kwa ukakamavu wake. Mtumishi mkakamavu ni mtumishi imara. Basi mzee aliyefika hospitalini akiogopa kwamba ameishiwa nguvu anaambiwa na kijana aliyevaa koti jeupe alegee. Wengi hufanya kinyume. Huukaza mkono kwa heshima, ili kuonyesha kwamba wanajitahidi. Au husaidia kuunyosha, ili wasimchoshe mpimaji. Katika hali ya kwanza mpimaji atahisi kizuizi kisichokuwa cha ugonjwa; katika ya pili atakosa kizuizi kilichokuwapo. Namba itaandikwa, na hapana mtu atakayejua kwamba iliyopimwa ni maana ya neno.

Kosa hili laweza kuzidi kuwa la hatari nyumbani. Mwandishi alilishuhudia katika ukoo wake mwenyewe, wilayani Rungwe. Baba mkubwa wetu alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Baada ya majuma kadhaa vidole vilianza kufumba. Nyumba nzima ikafurahi. Mama mkubwa akasema, Mkono umeanza kukaza, Mungu amesikia. Wapwa zake wakamletea mpira mdogo aukamue asubuhi na jioni, na kila alipojaribu wakamwambia, Kaza, mjomba, kaza! Naye alikaza kwa moyo wote. Mwaka ulipokwisha kiganja hakikufunguka hata kwa kuoshwa, na kucha zilikuwa zimeanza kuumiza nyama ya ndani. Hapana hata mmoja wetu aliyekosa upendo. Tulikosa neno la kutuonyesha kwamba kukaza kule hakukuwa nguvu, na kwamba kazi ya mkono ule ilikuwa kufunguliwa polepole kila siku, kuwekwa juu ya mto ukiwa umenyooka, na kufundishwa kuachia kabla ya kufundishwa kushika. Mwandishi alikuwa na shahada ya uzamivu ya lugha aliyoipata ng'ambo, lakini hakuwa na neno hilo.

VI. JINA LA KITU CHENYEWE

Wanaotafuta istilahi wataona kwamba shida kubwa si ukakamavu wala ulegevu, bali ni kile kitu cha katikati ambacho hivyo viwili ni kuzidi kwake na kupungua kwake. Wengine husema toni ya msuli. Neno hili lina haki ya ukoo, kama tulivyoona katika tonos. Lakini katika isimu yetu toni imekwisha kukaa mahali pake, nayo ni kiwango cha sauti kinachotofautisha maana. Kihehe na Kibena zinayo. Kinyakyusa kimeipoteza, kama Kiswahili kilivyoipoteza. Mtu akiandika kwamba wazee wa Rungwe wamepungukiwa toni, msomaji wa jarida hili atafikiri juu ya sarufi, na mgonjwa hatafikiri lolote.

Tunapendekeza mkazo wa msuli. Twajua kwamba katika fonolojia mkazo ni nguvu ya silabi, lakini matumizi hayo mawili hayagongani, kwa kuwa neno msuli hulinda mpaka. Faida yake ni kwamba mkazo unapimika kwa kiasi: mkazo wa kawaida, mkazo pungufu, mkazo uliozidi. Na lina mfano ulio tayari katika maisha. Mwamba ngoma, huivutia ngozi kwake; lakini kila mpigaji ajua kwamba ngozi iliyolegea hailii, na iliyokazwa mno hulia vibaya na mwisho hupasuka. Ngoma iliyolala baridini huotwa moto kwanza. Ngozi haiulizwi kama ina nguvu. Huulizwa kama imekazwa kwa kiasi chake. Mzee yeyote wa Uhehe au wa Usafwa anayeelezwa mkono wake kwa mfano huu ataelewa kwa nini mkono uliofumba bado ni mgonjwa.

Kwa upande wa amri ya kupimia, twaona bora kuacha neno legeza na kusema: Niachie uzito wa mkono, mimi nitaubeba, wewe usinisaidie wala usinizuie. Sentensi ni ndefu zaidi, lakini haina aibu, nayo humpa mgonjwa kazi anayoweza kuifanya. Ikiwezekana na isemwe kwa lugha ya nyumbani kwake. Na kwa upande wa kuandika, namba ya Ashworth peke yake haitoshi. Mpimaji aandike kwanza kama mkazo ni pungufu, wa kawaida au uliozidi, na ndipo, ukiwa umezidi, aweke daraja. Kisha aseme kama kukwama kulibadilika kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Kwa maneno hayo machache daraja 0 litaacha kuwaficha watu wawili walio mbalimbali kabisa.

VII. HITIMISHO

Tumeona kwamba Wayunani waliutaja ugonjwa huu kwa pigo lake, Waarabu kwa nusu yake, na Waswahili kwa upungufu unaobaki. Kila jina liliangaza upande mmoja na kuacha giza upande wa pili, na vipimo vya karne iliyopita vilifanya vivyo hivyo. Hilo si kosa la lugha yetu wala la wataalamu wa ng'ambo. Kila mmoja alitaja alichohitaji kukiona. Kosa litakuwa letu tukiendelea kuviweka pamoja kana kwamba vimetungwa kwa kazi moja.

Neno kupooza na libaki, maana hakuna atakayeling'oa katika vinywa vya watu, wala hapana haja. Linalotakiwa ni kuliwekea jirani. Mgonjwa atokapo hospitalini Mbeya au Iringa na kurudi kwa watu wake, aambiwe yeye na wao kwa Kiswahili cha wazi kwamba upande uliopooza waweza kukakamaa, na kwamba ukikakamaa wasishangilie wala wasikate tamaa, bali waufungue taratibu na kurudi kupimwa. Sentensi hiyo haihitaji chombo wala fedha. Baba mkubwa wetu hakuambiwa, nasi hatukujua kuuliza.